Kuja Nimekuja, Kurudi Je?

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la simenti nje ya jengo ambako wenye figo zilizoshindwa kazi husafishwa damu kwa mashine, mkono wa kushoto ameulaza juu ya paja kama mtu aliyeshika yai. Pamba mbili, plasta mbili, pale sindano zilipotoka. Ilikuwa saa 1 na nusu jioni. Dereva aliyetuleta alisema saa 10 atakuwa getini. Saa 10 nikampigia, akasema yuko njiani. Saa 11 akasema hivyohivyo. Saa 12 simu ikawa haipatikani. Mlinzi alishatuuliza mara mbili kama kuna mtu tunamsubiri, na mara ya pili sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo lililoniudhi zaidi. Mama hakulalamika. Aliniambia tu, macho ameyafumba: "Mwanangu, kuja nimekuja. Sasa kurudi je?"

Kabla ya jioni ile nilikuwa kama watu wengi. Nikiwaza usafiri wa mgonjwa, nawaza kumfikisha. Ukishamfikisha mlangoni umemaliza, yaliyobaki ni ya madaktari. Kumbe mgonjwa kama mama anatoka pale dhaifu kuliko alivyoingia. Mashine imemvuta maji ya siku mbili au tatu kwa saa chache, presha imeshuka, akisimama ghafla miguu inamsaliti, na mkono wenye fistula, yaani mshipa uliotengenezwa kwa upasuaji ili sindano za mashine zipite, haufai kuvutwa, kubanwa wala kutundikwa mkoba. Halafu ndiye huyo tunayetegemea asimame barabarani apungie gari.

Wala si yeye peke yake. Aliyetiwa matone ya kupanua mboni ili apimwe macho hutoka dunia nzima imemjaa ukungu na mwanga unamchoma, kwa saa kadhaa. Aliyepewa dawa ya kumlegeza ili aingizwe mpira wa kamera tumboni haruhusiwi kuondoka bila mtu mzima wa kumpokea. Asipokuwa na mtu huyo, mara nyingi kipimo chenyewe kinaahirishwa, hata kama alifika mapema na hajala tangu jana. Mgonjwa wa saratani anayepigwa mionzi huitwa mara nyingi Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo, kwa tiba ya dakika chache kwa siku. Dakika chache kitandani, nusu siku barabarani, na kadiri wiki zinavyosonga mwili unazidi kuchoka huku njia ikibaki ileile.

Nilikaa nikafanya hesabu ya mama kwenye karatasi. Kusafisha damu kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Wiki 52 ni safari 156 za kwenda na 156 za kurudi. Jumla 312 kwa mwaka, ukiacha tarehe za daktari, za maabara na ile siku fistula inapokataa na sindano haziingii. Katika hizo 312, hakuna hata moja inayostahili king'ora.

Hapo ndipo naona mambo mawili yanachanganywa. Ukisema "usafiri wa wagonjwa", kila mtu anaona gari jeupe lenye taa juu. Gari hilo lina heshima yake na siku ya kulizindua kuna hotuba. Lakini gari la wagonjwa ni la yule aliyeanguka. Huyu wa kwangu hajaanguka. Ana kadi mfukoni, ana tarehe, ana saa aliyopangiwa wiki nzima kabla. Dharura haina ratiba. Yeye anayo, tena inajulikana mwaka mzima, na bado hakuna aliyekaa chini akauliza atafikaje. Akikosa mara moja, maji yanaanza kumjaa na potasiamu, madini ambayo figo zingeyatoa, inapanda kwenye damu. Akikosa tena, ndipo gari la king'ora linaitwa. Sasa amekuwa dharura, na sasa anastahili.

Kuna neno nina ugomvi nalo. Liko kwenye safu ya mwisho ya daftari la kliniki, mara nyingi kwa wino mwekundu: *Hakuja*. Ni neno fupi lenye mtenda mmoja, naye ni mgonjwa. Halisemi kwamba basi lilijaa na konda hataki kiti cha magurudumu kwa sababu kinachukua nafasi ya watu wawili. Halisemi kwamba binti anayemsindikiza alinyimwa ruhusa kazini. Halisemi kwamba alikuja, akafika saa 5, akaambiwa mafaili ya leo yamekwishapelekwa ndani. Wakati mwingine huitwa mtoro, kama mwanafunzi. Nimewahi kumsikia mtu wa mapokezi akimgombeza mwanamke wa makamo, "Mama, wewe unatoroka sana dawa," na yule mama akitabasamu kwa aibu kana kwamba kweli alikuwa mahali akijificha.

Na wapo wanaokuja, lakini safari imekwishaharibu kilichowaleta. Kulikuwa na mzee mmoja wa moyo tuliyezoea kukaa naye foleni. Daktari alimwandikia dawa ya kukojoza ili maji yapungue miguuni, ameze kila asubuhi. Yeye alimeza kila asubuhi isipokuwa siku ya kliniki. Njia ni ndefu, basi halisimami ovyo, na mtu mzima hawezi kuomba ashushwe kichakani mara tatu. Kwa hiyo siku ya kuonwa na daktari anafika miguu imevimba, daktari anaibonyeza kwa kidole, kidole kinaacha shimo, anatikisa kichwa na kuongeza dozi. Mzee anapokea karatasi, anaondoka na dozi kubwa zaidi, ilhali tatizo halikuwa udogo wa dozi. Nilimuuliza kwa nini asimwambie. Akaniambia, "Nimwambie daktari habari za kujikojolea garini?" Nikanyamaza.

Tangu siku hiyo siamini mtu anayesema usafiri ni jambo la nje ya matibabu. Uko ndani ya kipimo cha presha cha mtu aliyepanda ngazi akikimbilia namba yake. Uko ndani ya sukari ya mgonjwa aliyeambiwa aje hajala, akaondoka alfajiri, akakwama njiani, na sasa anatetemeka kwenye benchi huku namba iliyoitwa ni ya 14 na yeye ni wa 51.

Wataalamu nao waliliona zamani. Katikati ya karne ya 19 daktari wa Marekani, Edward Jarvis, alichunguza hospitali za wagonjwa wa akili kule Massachusetts akakuta kwamba kadiri watu walivyokaa mbali ndivyo walivyozitumia kidogo, ingawa ugonjwa haukuwa umewachagua walio jirani. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine, wakiandika kuhusu vifo vya wajawazito, waligawa ucheleweshaji mara tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mgawanyo huo unafundishwa hadi leo. Kinachonigusa ndani yake ni kwamba umbali unauma mara mbili. Unakuchelewesha njiani, lakini pia unakuchelewesha ukiwa bado umekaa kitandani kwako, maana unaijua njia na unajiambia tusubiri tuone kesho. Mara ngapi nimesikia mtu akiitwa mzembe kwa kuchelewa, na kumbe alikuwa anapiga mahesabu ya safari.

Basi dawa ni magari? Mimi pia nilidhani hivyo. Nilitaka mtu mwenye uwezo atoe basi dogo lenye ngazi ya kiti cha magurudumu, mambo yaishe. Kisha nikasoma utafiti uliofanywa Philadelphia na kutolewa mwaka 2018. Wagonjwa 786 wa kliniki mbili, wote wenye bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, walipangiwa: wengine waliahidiwa gari la bure la kuitwa kwa simu siku ya miadi, wengine hawakuahidiwa. Waliokosa miadi katika kundi lenye gari la bure walikuwa asilimia 36.5. Katika kundi lisilo na gari, asilimia 36.7. Ni kama hakuna kilichotokea. Wengi waliopewa nafasi hiyo hata hawakuitumia.

Nilikasirika siku nzima, kisha nikaelewa, au naamini nimeelewa. Gari lilikuwa limetatua kipande kimoja cha safari, nacho ni kile kinachoonekana. Haliwezi kutatua ruhusa ya kazini, mtoto anayeachwa nyumbani, woga wa majibu, au saa iliyopangwa bila kumuuliza mwenye kuja. Na mwingine anaogopa tu kupanda gari la mtu asiyemjua akiwa peke yake, akiwa amechoka. Sisemi magari hayahitajiki, mama yangu hatembei kwa maneno. Nasema gari bila mtu anayelipanga ni chuma kilichoegeshwa.

Hilo nimelijua kwa kuchubuka. Pale kwenye kusafisha damu tulikuwa familia 4 tunaotoka upande mmoja, kila moja na hangaiko lake: mama yangu, mwalimu mstaafu aliyekatwa mguu mmoja kwa sababu ya sukari, kijana wa chuo, na mama mmoja mcheshi ambaye macho yake yamepungua sana. Tukaamua kuchanga gari moja. Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho. Mmoja anaingia mashineni alfajiri, wawili mchana, mmoja jioni. Gari lilikwenda na kurudi kutwa kama mbayuwayu, na mafuta yakaisha kabla ya wiki.

Nikamwendea sista mkuu wa zamu, nimejiandaa kubembeleza.

"Sista, hawa wanne wanakaa upande mmoja. Wakiwa zamu moja, gari ni moja."

Akaniangalia. "Kwani nani kakwambia zamu hazibadilishwi?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Basi mbona hamkuuliza?"

Akavuta daftari lake kubwa lenye mistari ya buluu. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, jina kwa jina, mashine kwa mashine. Na majina yote, niliyaona kwa macho yangu, yalikuwa yameandikwa kwa penseli. Mwaka mzima tulikuwa tunaiogopa ratiba ile kama hukumu ya mahakama, kumbe ni penseli. Akafuta, akapuliza vumbi la ufutio, akahamisha watu wawili. Wa tatu akakataa kumhamisha, kwa sababu ya mashine, hakueleza zaidi nami sikuuliza. Haikuzidi dakika 5. Tulipata nusu ya suluhisho la usafiri wetu kutoka kwenye ufutio, na hakuna aliyekata utepe.

Yule kijana aliyebaki kwenye zamu yake humaliza saa moja na nusu kabla ya wenzake. Tulimwomba radhi kwamba itambidi asubiri. Akasema hana neno. Kusubiri gari unalolijua si sawa na kusubiri gari usilolijua. Huwa analala kwenye benchi lilelile la simenti, kitabu usoni.

Kuhusu gari lenyewe tumejifunza mambo ambayo hayamo kwenye mpango wa mtu yeyote. Mwalimu lazima akae mbele, kiti kimerudishwa nyuma hadi mwisho. Haingii kwa mguu kwanza kama sisi. Anageuza mgongo, anakaa, mtu anaweka kiganja juu ya kichwa chake kisigonge mlango, ndipo anageuka na kuingiza mguu. Siku dereva alipojaribu kumvuta kwa mikono miwili walikaribia kuanguka wote. Mama anakaa upande ambao mkanda hautapita juu ya mkono wake wa fistula. Mama mcheshi anapenda dirisha, ingawa haoni vizuri, anasema anapenda kusikia tulipofika.

Wiki ya pili plasta ya mwalimu ikaachia njiani. Damu ya fistula haitoki kwa unyonge, inatoka kama bomba lililofunguliwa nusu. Dereva akasimamisha gari akabaki ameshika kichwa. Mama mcheshi ndiye aliyeokoa jahazi, kwa sauti tu: "Kidole juu ya tundu! Bonyeza, usichungulie!" Na kweli ndivyo inavyotakiwa, unabonyeza kwa nguvu, unahesabu dakika, huchunguli kila sekunde kuona kama imekatika. Sasa kwenye droo ya gari kuna glavu, pamba na bandeji, na dereva amefundishwa na sista namna ya kubonyeza. Ilichukua robo saa. Sijui kwa nini kila anayebeba wagonjwa hafundishwi hilo.

Kazi niliyobaki nayo mimi ni simu. Kila jioni ya kuamkia siku ya mashine nawapigia wanne, naye dereva, halafu nampigia sista. Nani amelazwa, nani atatangulia na ndugu, mashine gani imeharibika, nani ana homa. Baadhi hawana salio, wananibipu, napiga mimi. Ni kazi ya dakika 20 na hakuna anayeiona, lakini siku nilipougua na kushindwa kupiga, gari lilikwenda kumchukua mtu aliyekuwa amelazwa tangu jana yake, na mwingine akaachwa mlangoni amevaa tayari. Ndiyo maana ule mpango wa Tanzania unaoitwa m-mama unanivutia kuliko mingi. Ulianza kwa majaribio kanda ya ziwa mwaka 2013 na mwaka 2022 ukazinduliwa kuenea nchi nzima. Ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, yaani dharura, si miadi kama yetu. Ila ukiutazama ulivyoundwa, kiini chake si gari. Kuna namba ya bure, 115, na nyuma ya namba hiyo kuna mtu. Mtu huyo anasikiliza, anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu anampigia dereva wa kawaida wa kijijini aliyekubaliana naye kabla. Mgonjwa akifikishwa, dereva analipwa kwa simu.

Hapo kwenye kulipwa ndipo niungame jambo. Yule dereva aliyezima simu jioni ile, nikamlaani moyoni na kumsimulia kwa watu kama mfano wa unyama, alikuwa anatudai safari mbili. Nilimwambia nitamlipa mwisho wa mwezi. Yeye mafuta hanunui mwisho wa mwezi. Nilimkuta baadaye, akaniambia bila hasira kwamba alipata abiria mwenye fedha mkononi, akaona aibu kuniambia, akazima simu. Siku hizi dereva wetu analipwa siku hiyohiyo, na hajawahi kuzima simu.

Ndiyo kasoro ninayoiona pia kwenye mipango ya kurejeshewa nauli. Uingereza, mathalani, mgonjwa wa kipato cha chini aliyepewa rufaa anaweza kudai nauli yake, na amepewa hadi miezi 3 baada ya miadi kupeleka madai. Ni haki nzuri, na zipo hospitali zinazolipa siku hiyohiyo dirishani. Lakini kurejeshewa ni lugha ya mtu ambaye asubuhi alikuwa nacho. Asiyekuwa nacho asubuhi hana risiti, kwa hiyo hana cha kurejeshewa, na kwenye daftari ameandikwa *Hakuja*. Marekani walichukua njia nyingine: mpango wao wa bima ya watu wa kipato cha chini, Medicaid, umebebeshwa wajibu wa kuhakikisha mgonjwa anafikishwa kwenye huduma hata isiyo ya dharura, kwa kanuni tangu mwaka 1966, na mwishoni mwa 2020 wajibu huo ukaingizwa kwenye sheria yenyewe ya bunge. Utekelezaji una malalamiko yake mengi, magari yanayochelewa na simu zisizopokewa. Hata hivyo wamekubali kwa maandishi kwamba bima inayolipia kitanda bila kulipia njia ya kukifikia haijakamilika.

Kuna wengine wamepeleka hospitali kwa mtu. India wana treni ya hospitali tangu 1991, Afrika Kusini wana yao, Phelophepa, tangu 1994. Kwa mtoto wa jicho au meno, hiyo ni neema. Kwa mtu wa mara 3 kwa wiki treni haimfai kitu.

Linalomfaa zaidi, na ambalo hospitali hulikumbuka mwisho, ni kupunguza safari zenyewe. Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza mwaka 2016 kwamba anayeishi na virusi vya UKIMWI na hali yake imetulia apewe dawa za miezi 3 hadi 6 badala ya kuitwa kila mwezi. Ukifikiri vizuri, hilo ni pendekezo la usafiri. Halikununua gari hata moja, limefuta safari nyingi zisizo na sababu. Kwa nini mwenye sukari aje Jumatatu kwa macho, Jumatano kwa miguu, Ijumaa kuchukua dawa, ilhali vyumba vyote vitatu viko korido moja? Kwa nini watu 60 waandikiwe saa 2 asubuhi wakati daktari anaanza saa 4, na ambaye hawezi kuona zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja? Aliye jirani aitwe mapema, wa mbali aitwe adhuhuri. Hii haihitaji kompyuta. Inahitaji mtu wa mapokezi aulize, kabla hajaandika tarehe, "Unakuja na nini, na unarudi na nani?"

Nililisema hilo kwenye kikao cha ndugu wa wagonjwa, nikapigiwa makofi, na kama kawaida ya makofi hayakufanya kitu. Baadaye karani mmoja kijana, bila kutangaza, akaanza kuuliza. Anaandika jibu nyuma ya kadi kwa kalamu ya kawaida. Ya mama ilisomeka: "Anarudi na mwanawe." Mama akaomba asomewe, akasikiliza, akasema hapana, andika ana gari lake na wenzake watatu, yule mwana ni mpiga simu tu. Karani akafuta, akaandika upya.

Kijana wa chuo aliondoka kwenye kundi letu mwezi wa nane wa safari zetu. Alipata figo kutoka kwa dada yake na sasa anakuja kliniki kwa miguu yake, anatupungia mkono. Nafasi yake kachukua mwanamke mgeni ambaye wiki nzima ya kwanza aliuliza kila jioni kama kweli gari litakuwapo, hata akiwa amekaa ndani yake.

Jumanne na Alhamisi tuko sawa. Jumamosi bado hatujaweza. Dereva wetu ana kazi nyingine siku hiyo, mabasi huwa yamejaa, na sista wa Jumamosi si yule mwenye penseli. Nimeshaongea na madereva watatu. Mmoja alisema atanijibu leo kabla ya saa 2 usiku. Sasa hivi ni saa 2 na robo, nampigia tena.